Ndege Ndogo Inapokataa Kupaa: Dalili, Sababu na Pa Kusitishia

Tangu throtli (kipini cha kuongezea nguvu ya injini) isukumwe hadi magurudumu yaachie ardhi, ndege ndogo ya injini moja hutumia sekunde kama 15 hadi 25 hivi. Ukisoma ripoti za ajali za kupaa moja baada ya nyingine, utakuta mambo yaleyale: mafuta yenye maji, mzigo uliozidi, kufuli ya usukani iliyosahaulika, joto lisilopigiwa hesabu, na rubani aliyejaribu kugeuza ndege arudi uwanjani ilhali yuko chini mno. Mengi ya mambo hayo yalitoa dalili ndege ikiwa bado chini. Mchunguzi akichambua mabaki huishia kukuta kitu ambacho kikombe cha kupimia mafuta au dakika mbili za ukaguzi zingekifichua.

Mwongozo huu unafuata dalili. Chini ya kila dalili kuna sababu, tukianza na inayotokea mara nyingi. Unahusu ndege za pistoni zenye injini moja, na Cessna 172 ndiyo inayotolewa mfano wa takwimu kwa sababu wengi wanaijua. Kitabu cha ndege yako kikitofautiana na yaliyoandikwa hapa, fuata kitabu.

Kwanza kabisa: chagua alama ya kusitishia

Kabla ya kuingia kwenye njia ya kurukia, tafuta alama iliyo katikati ya urefu wake: taa, makutano ya njia, kichaka. Ndege ikifika hapo iwe na asilimia 70 ya mwendo wa kuinulia pua. Kama unainua pua kwa noti 55 (noti ni maili ya baharini kwa saa), hapo katikati mshale usome angalau 39. Pungufu ya hapo, funga throtli na ushike breki.

Kanuni hii ina hesabu nyuma yake. Nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili, na 0.7 mara 0.7 ni 0.49. Kwa hiyo asilimia 70 ya mwendo ni karibu nusu ya nishati unayohitaji, nayo inapaswa kupatikana ndani ya nusu ya njia. Usipokuwa nayo hapo, nusu iliyobaki haitakulipa deni. Na alama hiyo ichaguliwe ndege ikiwa imesimama, kwa sababu mwendo ukishashika kasi kichwa hutafuta kila sababu ya kuendelea.

Dalili: throtli imesukumwa hadi mwisho, ndege inajikokota

*Hewa nyepesi, uzito na hali ya njia.* Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na injini haina kosa lolote. Hewa ikiwa ya moto au uwanja ukiwa juu, injini, propela na mabawa vyote hupungukiwa kwa pamoja. Hesabu ya haraka iko hivi: joto la kawaida ni sentigredi 15 usawa wa bahari, na hushuka kama digrii 2 kila futi 1,000. Kila digrii inayozidi kiwango hicho, ongeza futi 120 kwenye mwinuko wa uwanja. Uwanja wa futi 5,500 ungepaswa kuwa na digrii 4. Kukiwa na digrii 30, zimezidi 26. 26 mara 120 ni futi 3,120. Ndege yako itajiona iko futi 8,620, ingawa magurudumu yako pale chini.

Kisha njia yenyewe. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imewapa marubani wa ndege ndogo vizidishio vinavyofaa kukaririwa: nyasi fupi kavu zidisha 1.2, nyasi mbichi zenye maji 1.3; njia inayopanda kwa asilimia 2 zidisha 1.1, ardhi laini 1.25 au zaidi. Upepo wa mgongoni unaofikia asilimia 10 ya mwendo wa kuachia ardhi, 1.2. Uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, umbali huongezeka kwa 20. Vizidishio hivi huzidishwa kimoja juu ya kingine, havijumlishwi, na mwishoni unazidisha 1.33 ya usalama. Tuseme kitabu, baada ya kuzingatia joto na mwinuko wa uwanja, kinakupa mita 600 hadi kuvuka kizuizi cha futi 50. Nyasi kavu: 720. Njia inayopanda kwa asilimia 2: 792. Usalama: 1,053. Aliyesoma "600" kitabuni akaridhika na uwanja wa mita 800 yuko hatarini kabla hajawasha injini.

*Mchanganyiko wa mafuta na hewa.* Kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, kitabu cha 172 yenye kabureta kinataka upunguze mafuta kabla ya kupaa: ndege ikiwa imesimama na throtli hadi mwisho, vuta kipini chekundu cha mchanganyiko taratibu mpaka mizunguko ifike kilele chake. Rubani aliyezoea pwani huacha kipini kimesukumwa chote, na injini huzama katika mafuta yake yenyewe. Ni kosa dogo linalokula nguvu nyingi.

*Kipini cha joto la kabureta kimeachwa wazi.* Hewa ya moto ni nyepesi, na haipiti kwenye chujio. Kiangalie tena kabla ya kuingia njiani.

*Injini kweli ni dhaifu.* Jaribu ndege ikiwa imesimama, breki zimeshikwa, mahali pasipo na changarawe. 172N (toleo mojawapo la Cessna 172; 172S ni jingine) inapaswa kutoa mizunguko 2,280 hadi 2,400 kwa dakika throtli ikiwa mwisho. Ikishindwa kufika hapo, mchanganyiko ukiwa sawa na joto la kabureta likiwa limefungwa, hiyo ndege hairuki leo. Mpelekee fundi: mgandamizo wa silinda, chujio la hewa lililoziba, waya wa throtli usiofika mwisho, kamu iliyolika, kizuizi ndani ya ekzosi. Kwa propela inayobadilika pembe, hakikisha kipini cha propela kimesukumwa mbele chote kabla hujamlaumu fundi.

*Breki inayokwaruza au tairi laini.* Mara chache, lakini rahisi kukagua: sukuma ndege kwa mikono. Ikigoma kwenye sakafu tambarare, au gurudumu moja likiwa la moto kuliko lenzake baada ya kuitembeza, usiruke.

Dalili: imeachia ardhi, lakini haipandi

Ndege inaelea mita mbili tatu juu ya njia, honi ya onyo inalia, miti inakuja. Rubani anavuta usukani zaidi. Huu ndio mwanzo wa ajali nyingi za siku za joto.

Bawa likiwa karibu na ardhi, chini ya urefu wa mabawa yake (kwa 172 ni mita 11 hivi), hupata unafuu: mkokoto wa hewa (nguvu inayoivuta ndege nyuma) hupungua, na ndege inaweza kuachia ardhi kwa mwendo ambao hauitoshi kupanda. Ikitoka kwenye unafuu huo, mkokoto unarudi wote kwa pamoja. Ukivuta pua juu unazidisha mkokoto, mwendo unapungua, na mwisho bawa linaacha kubeba. Marubani huita hali hiyo stoli.

Sababu, kwa mfuatano: kuinua pua mapema mno, uzito uliozidi katika hewa nyepesi, flapu (vibao vya nyuma ya bawa) zilizoteremshwa kuliko kitabu kinavyoruhusu (kwa 172 ni digrii 0 hadi 10 tu wakati wa kupaa), upepo uliogeuka ghafla kuwa wa mgongoni, hasa mvua ya radi ikiwa karibu.

La kufanya: shusha pua kidogo, kaa chini palepale kwenye unafuu, acha mwendo ujikusanye, ndipo upande. Kama njia ipo mbele yako, tua. Flapu usizipandishe kwa mkupuo. Hatua moja moja, mwendo ukiwa unapanda.

Tarehe 11 Aprili 1996, Cessna 177B iliruka kutoka Cheyenne, Wyoming, Marekani, ikaanguka muda mfupi baadaye. Watu watatu walikufa, mmoja wao msichana wa miaka saba aliyekuwa katika safari ya kuvuka nchi. Uwanja uko zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za usafiri, walikuta ndege imepita uzito wake wa juu, hewa ilikuwa nyepesi kuliko aliyoizoea rubani, na mvua ya radi ilikuwa imewadia. Uzito uliozidi ulikuwa takriban paundi 96, kama kilo 44, sawa na begi mbili za safari. Kwa uwanja wa pwani asubuhi yenye ubaridi, huenda ndege ingejivuta ikaenda. Pale haikuweza.

Dalili: injini inatetemeka au inashuka wakati wa kujaribu magneto

Magneto ni vifaa viwili vinavyozalisha umeme wa plagi, na hujaribiwa kimoja kimoja. Kwa 172N jaribio hufanyika kwenye mizunguko 1,700: kushuka kusizidi 125 kwa magneto yoyote, na tofauti kati ya mbili isizidi 50. Kwa 172S ni 1,800, kushuka 150, tofauti 50.

Ukiwa kwenye magneto moja injini inatetemeka, kwenye nyingine iko laini: mara nyingi ni plagi yenye masizi ya madini ya risasi. Weka mizunguko 1,800 hadi 2,000, punguza mafuta mpaka injini ikaribie kutetemeka, shikilia hapo kwa muda usiozidi dakika moja, rudisha mchanganyiko, jaribu upya. Ikisafika, vema. Ikigoma mara ya pili, rudi maegeshoni. Sababu inayofuata ni waya wa plagi au magneto yenyewe, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Inatetemeka vilevile kwenye magneto zote mbili: usihangaike na umeme, tafuta upande wa mafuta na hewa. Angalia kwanza kipini cha praima (pampu ndogo ya kuingizia mafuta wakati wa kuwasha) kama kimefungwa. Kikiwa kimelegea kinaendelea kumwaga mafuta kwenye silinda. Halafu barafu ya kabureta. Halafu maji kwenye mafuta.

Mizunguko haishuki kabisa: wengi hufurahi hapa, na hapa ndipo pa kuogopa. Kutoshuka kunaweza kumaanisha waya wa kuzimia magneto umekatika. Magneto hiyo haizimiki hata ufunguo ukitolewa, na mtu akiigusa propela kwa mkono injini inaweza kuwaka na kumkata. Weka alama kwenye propela, zuia watu wasisogee, mwite fundi.

Injini inayotetemeka dakika ya kwanza asubuhi ikiwa baridi, kisha inajinyoosha yenyewe: hili hupuuzwa sana kwa sababu "limepona". Mara nyingi ni valvu ya ekzosi inayokwama kwenye kijibomba inamoteleza kwa utando wa oili iliyoungua. Siku itakayokwama kabisa throtli ikiwa mwisho, fimbo ya kuisukuma inaweza kupinda na silinda moja ikafa ukiwa futi 200. Andika kwenye daftari la ndege, na usiruke hadi fundi apime nafasi ya valvu.

Dalili: injini inakohoa au kuzima mara tu baada ya kupaa

Hapa sababu karibu zote ziko kwenye mafuta.

*Swichi ya tangi imefungwa au iko kwenye tangi tupu.* Mafuta yaliyobaki kwenye bomba na bakuli la kabureta yanaweza kutosha kutembeza ndege, kujaribu injini na kuachia ardhi. Kisha kimya. Kwa hiyo chagua tangi la kurukia kabla ya kujaribu injini, usiliguse tena, na ujaribu injini kwa dakika kadhaa ukitumia tangi hilohilo.

*Maji.* Maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini. Mara nyingi huingia kwa kifuniko cha tangi chenye mpira uliozeeka, mvua ikinyesha usiku. Toa sampuli kwenye kila bomba la chini, si mawili matatu: 172S ina matundu 13. Maji huonekana kama shanga zinazoviringika chini ya kikombe. Lakini kikombe kikiwa maji matupu hakuna shanga wala mstari, kila kitu kinang'aa sawasawa, na mtu huona "safi". Weka kikombe mbele ya kitu cheupe, tafuta rangi ya buluu ya avgasi 100LL (petroli ya ndege za pistoni), nusa. Ukikuta maji, tikisa mabawa, subiri, toa tena mpaka sampuli mbili mfululizo ziwe safi. Yakiendelea kuja, simama: tangi limwagwe lote na fundi, kifuniko kibadilishwe.

*Mafuta ya jeti kwenye tangi la pistoni.* Hutokea hasa kwa ndege zenye turbocharja (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), ambazo wajazaji hudhani ni za turbini. Mafuta ya jeti hayana rangi au yana manjano hafifu, lakini yakichanganyika na avgasi mchanganyiko unaweza kubaki na ubuluu, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: avgasi hukauka na kutoweka, ya jeti huacha duara la mafuta. Kuwa pale wakati wa kujaza. Ikithibitika, usiwashe injini hata kwa sekunde moja. Na kama ilishawaka, fundi aikague injini yote, maana mripuko usio wa mpango ndani ya silinda hutoboa pistoni.

*Barafu ya kabureta.* Si jambo la nchi za theluji tu. Mafuta yanapogeuka mvuke na hewa inapobanwa, joto ndani ya kabureta linaweza kushuka zaidi ya digrii 30. Hatari kubwa ni chini ya digrii 21 hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80 au zaidi, lakini imeshatokea hata kwenye digrii 38 na unyevu wa 50. Kusubiri ruhusa dakika kumi injini ikiwa chini huitengeneza. Vuta joto kabla ya kuingia njiani: mizunguko ikishuka tu na kubaki hapo, hakuna barafu; ikishuka, injini ikatetemeka, kisha ikapanda juu ya ilipokuwa, barafu ilikuwepo. Iache iyeyuke yote, kisha funga joto na uruke.

*Tundu la hewa la tangi limeziba,* kwa kawaida na mdudu au udongo. Mafuta hayashuki kwa sababu hewa haiingii. Litazame kila siku.

Injini ikizima ukiwa chini ya futi 1,000, mkono wa kwanza ni kusukuma pua chini. Ulikuwa unapanda, ukichelewa sekunde nne, na wengi huchelewa hivyo kwa mshtuko, mwendo umeshakwisha. Shika mwendo wa kuteleza (65 kwa 172N, 68 kwa 172S) na uchague pa kutua mbele yako, digrii 30 kushoto au kulia. Ukipata muda tu: swichi ya tangi, pampu, mchanganyiko, joto la kabureta, magneto. Kabla ya kugusa ardhi funga mafuta, zima umeme ukishamaliza flapu, fungua komeo la mlango ili usijibane.

Usigeuze kurudi. Kurudi kwenye njia kunahitaji zaidi ya digrii 180, kwa sababu ukimaliza nusu duara uko pembeni ya njia, si juu yake. Ukilalia digrii 45, mwendo wa stoli hupanda kwa asilimia 19: ndege inayoingia stoli kwa noti 50 sasa inaingia karibu na 60, na wewe uko 65. Rubani akiona ardhi inapanda huvuta usukani na kukanyaga pedali ili igeuke upesi, na hiyo ndiyo njia ya kuingia kwenye mzunguko wa kuanguka. Shamba la mahindi kwa noti 45 ukiwa umenyoosha mabawa watu hutoka wakiwa hai.

Dalili: mshale wa mwendo haujaamka

Ukipita mita mia za kwanza mshale uwe umeanza kupanda. Usipopanda, sitisha. Hakuna mjadala hapa, njia bado ipo yote.

Sababu ya kwanza ni kifuniko cha bomba la pito (linalopokea hewa ya mbele ili kupima mwendo) kilichoachwa. Ya pili ni nyigu wa udongo, anayeweza kuziba bomba kwa muda mfupi ndege ikiwa wazi. Ya tatu ni maji. Mshale ukibaki sifuri, tundu la mbele limeziba. Ukikaa kimya chini kisha ukapanda kadiri ndege inavyopanda angani, tundu la mbele na la kutolea maji yote mawili yameziba, na mshale umegeuka kuwa kipima mwinuko. Ukisoma sawa chini kisha ukasoma kidogo mno angani, na kipima mwinuko kikaganda, limeziba tundu la hewa tuli la ubavuni.

Usipulize bomba kwa mdomo wala kwa kompresa. Utapasua kiwambo cha kifaa. Fundi hutenganisha bomba na kifaa kwanza, ndipo apulize. Tarehe 6 Februari 1996 ndege kubwa aina ya Boeing 757 iliruka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, huku rubani ameona mshale wake haufanyi kazi, akaendelea. Watu 189 walikufa. Bomba halikupatikana baharini, na nyigu ndiye aliyeshukiwa.

Dalili: usukani ni mgumu, haufiki mwisho, au unakwenda kinyume

Usiruke. Sababu ya kwanza ni kufuli ya usukani. Tarehe 31 Mei 2014 huko Bedford, Massachusetts, jeti ya Gulfstream IV ilikimbia njiani ikiwa imefungwa kufuli, ikapita mwisho wa njia na kuua watu 7. NTSB ilipopekua rekodi za safari 175 zilizotangulia, ilikuta asilimia 98 ya mara hizo marubani hao hawakukagua usukani kikamilifu. Walikuwa na uzoefu mkubwa. Kosa hilohilo liliangusha Boeing Model 299 huko Wright Field, Ohio, tarehe 30 Oktoba 1935, na ndilo lililowafanya marubani waanze kutumia orodha ya ukaguzi iliyoandikwa.

Kufuli ni pini yenye bendera. Msumari au bisibisi vilivyowekwa mahali pake havina bendera, na ndivyo vinavyosahaulika.

Sababu ya pili ni kitu kilichonasa: simu iliyoanguka, kamera, mkanda wa abiria. Ya tatu ni kebo iliyounganishwa vibaya baada ya matengenezo. Shika usukani, nyoosha vidole gumba juu, zungusha kushoto: gumba zinaelekea kushoto, na aileroni (kibao cha ncha ya bawa kinacholaza ndege upande) ya kushoto lazima iwe imeinuka. Itazame kwa macho, usihisi tu ulaini. Roy Chadwick, mhandisi aliyebuni ndege ya Lancaster, alikufa tarehe 23 Agosti 1947 pale Woodford, Uingereza, wakati Avro Tudor 2 aliyopanda ilipoanguka ikipaa. Kebo za aileroni zilikuwa zimefungwa kinyume wakati wa matengenezo. Ukitoka karakana, kagua kana kwamba ndege imeundwa jana. Ukikuta kinyume, usiifungue mwenyewe.

Dalili: pua inapanda yenyewe, au haitaki kuinuka

Angalia trimu (kirekebishi kinachopunguza uzito wa usukani mkononi) kwanza. Mara nyingi imebaki ilipoachwa wakati wa kutua. Ikiwa sawa, tatizo ni mpangilio wa mzigo.

Chukua 172S yenye kikomo cha kilo 1,157. Tuseme ikiwa tupu ina kilo 762. Mafuta yote yanayotumika, lita 200, ni kilo 144. Watu wazima wanne wa kilo 85 ni 340. Jumla 1,246: imezidi kwa 89 kabla ya begi hata moja. Kubeba wote wanne kunamaanisha kupunguza lita 124 za mafuta, ubaki na 76. Viti vinne na matangi mawili hayana maana kwamba vyote vijazwe siku moja.

Uzito wa nyuma ndio unaoua haraka zaidi, kwa sababu pua ikiinuka eleveta (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) haina nguvu ya kuirudisha. Cessna 402B iliyomuua mwimbaji Aaliyah na wenzake wanane tarehe 25 Agosti 2001 huko Marsh Harbour, Bahamas, ilikuwa imepita uzito wa juu na kitovu chake cha uzito kilikuwa nyuma ya kikomo. Beech 1900D iliyoanguka Charlotte, Marekani, tarehe 8 Januari 2003 na kuua watu 21 ilikuwa na tatizo hilo pamoja na kebo ya eleveta iliyorekebishwa vibaya katika matengenezo ya siku chache kabla, hata eleveta ikashindwa kushusha pua inavyopaswa. Kosa la fundi na kosa la mzigo, kila moja peke yake, huenda lingevumilika.

Pima mizigo kwa mizani. Makadirio ya macho hudanganya, na abiria hutaja uzito wa miaka iliyopita.

Kuna sababu moja inayofanana na hii: kiti cha rubani kuteleza nyuma kwenye reli. Rubani hushikilia usukani ili asianguke, na kwa kufanya hivyo anavuta pua juu. Cessna zina historia ndefu ya hili. Ukishakaa, jisukume mbele na nyuma kwa nguvu, na uone pini imeingia kwenye tundu. Kikiteleza ukiwa mwendoni, achia usukani. Tundu la reli likiwa limelika na kuwa la yai, reli ibadilishwe.

Dalili: mlango umefunguka

Kelele nyingi, hatari ndogo. Ukiwa njiani na nafasi ipo, sitisha. Ukiwa angani, rusha ndege, zunguka kawaida, tua. Wanaokufa ni wale walioacha usukani ili waufunge.

Kama ndege imeshaanguka

Okoa watu, zima moto, kata umeme. Zaidi ya hapo usiguse. Chini ya Kiambatisho cha 13 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, uchunguzi ni wa kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Ripoti ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana.

Ndege ndogo kwa kawaida hazina kinasa taarifa, hivyo vyuma ndivyo vinavyosema. Bawa la propela lililojisokota na kuchanika kwa mikwaruzo ya upande linaonyesha injini ilikuwa na nguvu. Lililopinda nyuma tu, nguvu ilikuwa ndogo au haikuwepo. Skrubu ya flapu na ya trimu hupimwa urefu wake. Kebo iliyovutwa hadi kukatika huchanua nyuzi kama fagio. Iliyochoka kidogo kidogo ina mwonekano mwingine. Uzi wa taa uliokuwa unawaka hunyooka kwenye mshindo. Mtu akisogeza kipini cha mafuta "kwa usalama" baada ya moto kuzimwa bila kumwambia yeyote, amefuta jibu. Kama ilibidi ukisogeze, piga picha kwanza na uandike kilikuwa wapi.

Barafu ya kabureta huyeyuka kabla wachunguzi hawajafika. Kwa hiyo andika mara moja joto na kiwango cha umande cha saa hiyo. Zuia gari au pipa lililojaza ndege hiyo lisiuze tena hadi sampuli ichukuliwe. Weka pamoja daftari za matengenezo, karatasi ya uzito, simu na vifaa vya ramani vya rubani bila kuviwasha.

Aliyeshuhudia aandike peke yake, kabla ya kuzungumza na wenzake: alisimama wapi, injini ilisikika sawa hadi mwisho au ilikohoa, ilikohoa kabla au baada ya ndege kulalia upande, na upepo ulikuwa unamgusa shavu gani.